Mtu Aliyekiri Deni kwa Jina Lako

Maswali ya wasomaji: Sheria na mikopo

Barua zote tulizozichagua mwezi huu zinahusu kifungu kimoja cha mikataba ya mikopo nchini Marekani, kifungu ambacho wasomaji wetu wengi walioko huko hukitia sahihi bila kukitambua. Kwa kifungu hicho mkopaji humteua mtu mwingine kuwa wakala wake, na kumpa uwezo wa kwenda mbele ya karani wa mahakama na kukiri deni kwa niaba yake, hukumu ikaandikwa siku hiyo hiyo bila shauri kufunguliwa na bila mwenyewe kuitwa. Katika safu hii nitakiita ukiri wa hukumu. Kwenye karatasi zenu mtakikuta kwa Kiingereza kikiitwa "confession of judgment", na katika majimbo mengine utaona neno la Kilatini "cognovit" au maneno "warrant of attorney". Ninayaandika kama yalivyo kwa sababu asiyeyajua kwa sura hawezi kuyatafuta katika mkataba wa kurasa ishirini. Majibu yangu ni ya jumla, na mwenye hukumu mkononi anapaswa kumwona wakili wa jimbo lake.

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni mama mwenye duka la vyakula vya Kiafrika mjini Roanoke, Virginia. Miaka miwili iliyopita nilichukua majokofu manne na mashine ya kukatia nyama kwa mkopo wa dola 38,000, na aliyeniuzia ndiye aliyenikopesha. Majokofu mawili hayakugandisha tangu siku ya kwanza, nikamwandikia mara tatu bila kujibiwa. Biashara ilipoyumba nikachelewa kulipa miezi mitatu. Wiki iliyopita askari wa sherifu ameniletea amri ya mahakama inayosema nimekwisha kukiri deni la dola 41,500 na kwamba hukumu imeandikwa dhidi yangu. Sijawahi kukanyaga mahakama hiyo. Ni nani aliyekiri kwa jina langu, na je, nimekwisha kushindwa?
Msomaji, Roanoke

JIBU: Mama, hujashindwa, lakini muda wako ni mfupi, na kwa hiyo nitaanza na muda kabla ya kukueleza mengine. Sheria ya Virginia, kifungu cha 8.01-433, inakupa siku 21 tangu ulipopewa taarifa ya hukumu hiyo kuiomba mahakama iitengue au ipunguze kiasi chake. Hesabu siku kuanzia ile aliyokuja askari, wala usianze na siku utakayompata wakili wa kukuonea huruma. Ikiwa ni wiki moja imepita, umebakiwa na wiki mbili. Usizitumie kumpigia simu mkopeshaji na kungoja jibu lake, kwa maana mazungumzo hayasimamishi hesabu ya siku.

Sasa nikuambie aliyekiri ni nani. Chukua ile hati ya ahadi ya kulipa uliyoitia sahihi, utafute aya inayosema kwamba unamteua fulani kuwa wakala wako wa kukiri hukumu endapo utashindwa kulipa. Kifungu cha 8.01-432 kinamruhusu mdaiwa mwenyewe, au wakala aliyemteua kwa hati ya uwakala, kukiri deni wakati wowote katika ofisi ya karani wa mahakama ya mzunguko ("circuit court"), liwepo shauri au lisiwepo. Hukumu ikishaandikwa na karani ina nguvu ile ile ya hukumu iliyotolewa na jaji baada ya kusikiliza pande mbili. Hapo ndipo ugumu wa sheria hii ulipo, nami siwezi kuusema kwa upole: karani hasikilizi ushahidi wala haulizi kama majokofu yalifanya kazi, na wakala anayesema "nakiri" kwa kinywa chako kwa kawaida ni mtu aliyechaguliwa na yule anayekudai.

Hata hivyo, sheria hiyo hiyo imeweka masharti juu ya wakala huyo, na masharti hayo yana meno. Kifungu cha 8.01-435 kinasema kwamba hati ya uwakala iliyosimama peke yake lazima ithibitishwe mbele ya afisa mwenye mamlaka, kama zinavyothibitishwa hati za ardhi. Ikiwa uwakala umeandikwa ndani ya hati ya deni yenyewe, uthibitisho huo hauhitajiki, lakini badala yake hati lazima imtaje kwa jina mtu au watu walioruhusiwa kukiri, na iitaje ofisi ya karani ambamo ukiri huo utafanyika. Kwa hiyo weka hati yako ya mkopo kando ya amri uliyoletewa, ulinganishe mstari kwa mstari. Je, aliyekiri ndiye aliyetajwa? Je, mahakama iliyoandika hukumu ndiyo iliyotajwa? Uwakala wa namna hii husomwa kwa ufinyu, yaani haumpi wakala uwezo wowote usioandikwa, na tofauti ndogo ya jina au ya mahali ni hoja ambayo wakili wako atataka kuijua mapema.

Kisha tazama tarehe. Kifungu cha 8.01-438 kinamtaka karani, pale hukumu inapokiriwa na wakala, achukue hatua ndani ya siku kumi ili mdaiwa apelekewe nakala iliyothibitishwa ya amri, ikiwa imeambatanishwa na maelezo ya haki yake ya kuomba itenguliwe. Na ikiwa nakala hiyo haikumfikia mdaiwa kwa njia ya kisheria ndani ya siku 60 tangu hukumu ilipoandikwa, hukumu ni batili kwa mdaiwa huyo. Sheria imetumia neno batili, na batili si sawa na kutenguliwa. Basi linganisha tarehe iliyo juu ya amri na siku aliyokuja askari, na uihifadhi hata bahasha.

Halafu tuje kwenye majokofu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha shauri lako. Mahakama inaweza kuitengua au kuipunguza hukumu iliyokiriwa na wakala kwa sababu yoyote ambayo ingekuwa utetezi wa kutosha, au ingekupa haki ya kupunguziwa deni, kama mkopeshaji angekushtaki kwa njia ya kawaida. Bidhaa mbovu aliyokuuzia mdai mwenyewe, malipo uliyoyafanya yasiyoandikwa kwenye hesabu, riba au ada zilizozidi mkataba, sahihi isiyo yako: yote hayo yanaingia. Barua zako tatu kuhusu majokofu zina thamani kubwa kuliko machozi yoyote utakayoyatoa mbele ya jaji, na ndiyo sababu wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Zikusanye pamoja na picha, stakabadhi za fundi na taarifa za benki zinazoonyesha kila ulicholipa.

Mahakama ikikubali ombi lako, shauri litawekwa kwenye orodha ya mashauri ya kawaida na kuendelea kana kwamba ulishtakiwa tangu mwanzo kwa hati ile ya deni. Hapo hutakuwa umesamehewa deni. Utakuwa umerudishiwa nafasi ya kusikilizwa ambayo sahihi yako iliiondoa. Huenda ukakutwa unadaiwa dola 25,000 badala ya 41,500, na huo ni ushindi wa kweli kwa mwenye duka. Mwombe pia wakili wako aiombe mahakama izuie hukumu isikaziwe, yaani isitekelezwe, wakati ombi linasubiri kusikilizwa, kwa sababu mshinda tuzo, yaani mdai aliyepata hukumu, anaweza kuanza kufuatilia fedha zako za benki. Na mkopeshaji akikuletea karatasi mpya ya "kupanga upya malipo" katika wiki hizi mbili, usiitie sahihi kabla haijasomwa na wakili, maana karatasi za namna hiyo mara nyingi hubeba maneno ya kukubali deni lote na kuachilia utetezi wote.

SWALI: Nina mkataba wa mkopo wa biashara mbele yangu, bado sijausaini. Mkopeshaji anasema kifungu cha ukiri wa hukumu ni "cha kawaida tu". Nitazame nini? Na je, mkopo wa gari la familia unaweza kuwa na kifungu hicho?
Msomaji, Harrisonburg, Virginia

JIBU: Nianze na gari la familia, kwa sababu jibu lake ni fupi. Kanuni ya serikali ya shirikisho iliyotungwa na tume ya biashara ya nchi hiyo, na kuanza kutumika tarehe 1 Machi 1985, inawakataza wakopeshaji na wauzaji wa mkopo kuweka ukiri wa hukumu katika mikopo ya watu binafsi kwa mahitaji yao au ya nyumba zao. Ukikikuta kifungu hicho katika mkopo wa gari la kupelekea watoto shule, una malalamiko halali. Lakini kanuni hiyo haigusi mkopo wa biashara, hata kama biashara yenyewe ni mtu mmoja na mkewe wanaouza sambusa. Nionavyo mimi, mpaka huo umechorwa mahali pasipofaa, kwa sababu mwenye kibanda hana mwanasheria kama asivyokuwa naye mnunuzi wa gari, lakini ndivyo sheria ilivyo.

Kwa mkopo wako wa biashara, jambo la kwanza ni kutafuta ilani. Kifungu cha 8.01-433.1 kinakataza hukumu kukiriwa kwa uwakala ulio ndani ya hati ya deni au unaoambatana nayo, isipokuwa hati hiyo ina ilani kwa herufi nene zisizopungua pointi 8, inayosema kwamba hati ina kifungu cha ukiri wa hukumu, kwamba kwa kifungu hicho mdaiwa anaachilia haki muhimu alizo nazo, na kwamba mdai ataweza kupata hukumu dhidi yake bila taarifa nyingine. Herufi za pointi 8 ni ndogo kuliko za gazeti hili, kwa hiyo vaa miwani. Usidhani kukosekana kwa ilani ni bahati yako unayoweza kuinyamazia ukatia sahihi kwa furaha, kwa maana utakuwa umejinunulia ubishi wa miaka ya baadaye.

Jambo la pili ni jina la wakala. Uliza: huyu ni nani, anafanya kazi wapi, na analipwa na nani? Ukiambiwa ni mtumishi wa mkopeshaji au wakili wake, basi unajua kinywa chako unamkabidhi nani. La tatu ni mahakama iliyotajwa, maana wewe uliyeko Harrisonburg ukikuta imetajwa ofisi ya karani iliyo mwendo wa saa nne kutoka kwako, gharama ya kujitetea huko italipwa na wewe.

Na la nne, ambalo watu wetu wanaona haya kulifanya, ni kuomba kifungu kifutwe. Omba kwa adabu na kwa maandishi. Wakopeshaji wengine hukubali, hasa ukiwapa dhamana nyingine. Wengine hukubali kuongeza sharti kwamba wakala hatakiri chochote kabla ya siku 30 tangu ulipoandikiwa barua ya kukujulisha kuwa umekiuka mkataba. Sharti hilo moja linaweza kuokoa duka.

SWALI: Ninafanya kazi katika ofisi ya kampuni inayokopesha wafanyabiashara wadogo. Msimamizi ameomba jina langu liandikwe katika hati za deni kama wakala wa kukiri hukumu. Wakopaji wengi ni Waswahili wenzangu, na nahisi nimechaguliwa kwa sababu hiyo. Je, ninajiingiza katika nini?
Msomaji, Alexandria, Virginia

JIBU: Swali lako ndilo lililonishughulisha zaidi mwezi huu, nami nakushukuru kwa kuliuliza kabla ya kukubali.

Katika lugha yetu wakili na wakala ni maneno ya ukoo mmoja, na yote mawili yana maana ya mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake. Ndivyo ilivyo pia katika sheria ya uwakala: yule ambaye jina lake limeandikwa katika hati ni wakala wa mdaiwa, si wa mkopeshaji. Wewe utakuwa unapokea mshahara kwa mmoja na kusema kwa jina la mwingine. Sheria ya Virginia haikukatazi kwa sababu hiyo peke yake, kwani inamruhusu wakili "au mtu mwingine" aliyetajwa, na desturi hii ni ya zamani, imetokana na sheria ya Uingereza ambako wadai walichukua hati za namna hii karne nyingi zilizopita. Lakini ruhusa ya sheria haiondoi uzito wa kazi.

Ukikubali, fahamu mipaka yako. Unaweza kukiri kiasi kilichoandikwa na kinachodaiwa kwa kweli, pamoja na riba na gharama ambazo hati imezitaja, na si zaidi. Kabla ya kwenda kwa karani, dai uonyeshwe hesabu ya malipo yote. Ukijua kwamba mkopaji amelipa sehemu, au kwamba kuna ugomvi wa kweli juu ya bidhaa, na bado ukakiri deni zima, umesema uongo kwa kinywa cha mtu aliyekuamini, na iwapo mahakama itaitengua hukumu hiyo, jina lako litakuwa ndani ya jalada. Usikiri mahali pengine isipokuwa katika ofisi iliyotajwa. Na mkopaji anapokuja kutia sahihi akikuona wewe mzungumzaji wa lugha yake, mweleze kwa Kiswahili kile kifungu kinachofanya, mbele ya msimamizi wako. Ukikatazwa kufanya hivyo, nadhani utakuwa umekwisha kupata jibu la kwa nini ulichaguliwa.

SWALI: Nataka kumaliza deni langu kwa heshima. Je, naweza kwenda kukiri mwenyewe bila wakala?
Msomaji, Charlottesville, Virginia

JIBU: Unaweza. Dawa ya deni ni kulipa, na kwa mtu ambaye hana ubishi wowote juu ya kiasi, kwenda mwenyewe kwa karani huokoa gharama za shauri. Sheria inataka ukiri uwe kwa kiasi cha deni na riba ambacho mdai yuko tayari kukipokea, kwa hiyo zungumza naye kwanza na mpatane kwa maandishi, pamoja na ratiba ya malipo na ahadi yake ya kutokazia hukumu mradi unalipa. Angalia jambo moja tu: zile siku 21 za kuomba hukumu itenguliwe, na ile kanuni ya siku 60, zimewekwa kwa hukumu zilizokiriwa na wakala. Ukikiri kwa mdomo wako mwenyewe usitegemee kinga hizo.

SWALI: Mimi ni dereva wa malori Columbus, Ohio. Nilinunua lori kwa mkopo na sasa nina hukumu ya "cognovit" iliyoandikwa Cincinnati, mji ambao sijaishi wala sijasaini chochote huko. Rafiki yangu wa New York anasema mambo haya yalikwisha kupigwa marufuku. Nani mkweli?
Msomaji, Columbus

JIBU: Kila jimbo lina sheria yake, ndugu yangu, na rafiki yako ameusema ukweli nusu. New York hawatumii wakala. Huko mdaiwa mwenyewe hutia sahihi kiapo cha kukiri. Kampuni zinazotoa fedha za haraka kwa wafanyabiashara zilikuwa zikiwasainisha watu wa nchi nzima viapo hivyo na kuviwasilisha kwa makarani wa New York, mpaka waandishi wa habari walipoufichua mtindo huo mwaka 2018, na mwaka 2019 sheria ikarekebishwa ili viapo hivyo visitumike dhidi ya mtu asiye mkazi wa jimbo hilo. California imezikataa kabisa hati za ukiri tangu mwanzo wa mwaka 2023. Ohio bado inaziruhusu katika biashara, na lori lako la kazi ni biashara.

Sababu ya Ohio kubaki na desturi hii inafaa kujulikana. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ilisikiliza shauri la kampuni ya maghala iliyoitwa D. H. Overmyer dhidi ya kampuni ya Frick, iliyokuwa imeiwekea mitambo ya kupozea katika ghala la Toledo, Ohio. Overmyer ilichelewa kulipa, ikaomba masharti mapya, ikapewa riba nafuu na muda mrefu zaidi, na badala yake ikatia sahihi hati yenye ukiri wa hukumu. Mahakama ikasema kifungu hicho hakikiuki Katiba kwa chenyewe, kwa sababu kampuni yenye wanasheria wake iliachilia haki ya kusikilizwa kwa hiari, kwa kujua na kwa kupata kitu badala yake. Lakini mahakama ilionya kwamba matokeo yanaweza kuwa tofauti pale mkataba umelazimishwa na mwenye nguvu juu ya mnyonge, au pale mdaiwa hakupata chochote. Siku hiyo hiyo, katika shauri la Swarb dhidi ya Lennox kutoka Pennsylvania, iliuacha usimame uamuzi uliowalinda wakazi wenye kipato cha chini ya dola 10,000 kwa mwaka ambao haikuonyeshwa kwamba walielewa haki waliyoiachilia. Mashauri haya mawili yasomwe pamoja, maana wakopeshaji hupenda kulitaja la kwanza na kulisahau la pili.

Kwa hukumu yako, kifungu cha 2323.13 cha sheria za Ohio kina mambo matatu ya kukusaidia. Wakili anayekiri lazima aionyeshe mahakama hati ya uwakala wakati wa kukiri, na hati au nakala yake ibaki kwenye jalada. Karibu kabisa na mahali pa sahihi, juu au chini yake, lazima kuwe na onyo linaloonekana wazi kuliko maandishi mengine yote ya hati, likisema kwamba unaachilia haki ya kupewa taarifa na kusikilizwa. Na sheria inafungamanisha mahakama ya kukiri na mahali mdaiwa anapoishi au alipoitia hati sahihi, hata kama mkataba unasema vinginevyo. Ikiwa uliishi Columbus na ukasaini Columbus, hukumu ya Cincinnati ina kasoro ambayo wakili wako anapaswa kuiwekea mkono mara moja. Njia yake ni ombi la kuondolewa katika hukumu chini ya kanuni ya 60(B) ya mwenendo wa mashauri ya madai ya Ohio, na kwa hukumu za aina hii mahakama za Ohio hulegeza kidogo: huhitaji kueleza kwa nini hukujitetea mwanzoni, kwa kuwa hukuitwa. Utaonyesha kwamba una utetezi wa maana na kwamba umekuja kwa wakati. Usingoje mwaka uishe.

SWALI: Mdogo wangu ana biashara Virginia, na amenitumia hati nitie sahihi kama mdhamini wa mkopo wake. Mimi niko Dar es Salaam na sina mali Marekani. Nimeona maneno uliyoyataja katika safu iliyopita. Huku kwetu jambo hili lipo? Na litanifikia?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Kwetu Tanzania mahakama inaweza kutoa hukumu kwa sababu mdaiwa amekiri, lakini ni ndani ya shauri lililofunguliwa, na ukiri huo lazima uwe wazi usio na utata. Tunayo pia njia ya mkato kwa madai ya hati za ahadi, ambayo humlazimu mdaiwa kuomba ruhusa ya kujitetea. Hata katika njia hiyo mdaiwa hupelekewa wito kwanza, wala hakuna mtu anayesimama kukiri kwa niaba yake kabla hajajua kuwa anadaiwa. Kenya nako, hukumu kwa ukiri na hukumu ya mkato hutolewa ndani ya shauri.

Hukumu ya Virginia haikaziwi Dar es Salaam moja kwa moja, kwa kuwa Marekani haimo katika mpango wa kutambuliana hukumu uliowekwa na sheria yetu. Mshinda tuzo angelazimika kufungua shauri jipya hapa, na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inaruhusu kuipinga hukumu ya kigeni ambayo haikutolewa kwa kuangalia kiini cha madai au iliyopatikana kinyume cha haki ya asili, kwa mfano bila mdaiwa kupewa nafasi ya kusikilizwa. Una hoja nzuri huko mbele.

Lakini nakusihi usiifanye hiyo kuwa sababu ya kutia sahihi. Kwa mdaiwa asiye mkazi wa Virginia, sheria inaridhika karani akiituma nakala ya amri kwa posta kwenye anwani yake ya mwisho inayojulikana. Anwani uliyoiandika kwenye hati ni sanduku la posta la ofisi yako, nawe umetueleza katika barua yako kwamba unalifungua mara moja kwa mwezi. Siku 21 zinaweza kuanza na kwisha barua ikiwa ndani ya sanduku. Siku ukipata mali Marekani, au ukimtumia mdogo wako fedha kupitia akaunti yenye jina lako huko, hukumu itakuwa inakungoja. Mwambie mdogo wako amwombe mkopeshaji aondoe kifungu cha ukiri katika hati ya mdhamini peke yake, kwani hilo ni ombi dogo kuliko kukiondoa katika mkopo wote. Likikubaliwa, andika kwenye hati anwani ya mahali unapolala, namba ya simu na barua pepe, kisha ubaki na nakala iliyotiwa sahihi na pande zote.